Maisha mazuri kwa mtu mwenye usonji: maswali tunayoulizwa kila siku

Mimi ni dada wa kijana mwenye usonji, tunaishi Temeke, na mdogo wangu sasa hivi ni mtu mzima kabisa, ana ndevu, ana kazi yake kwenye genge la mama. Naanza na hilo kwa sababu ukitafuta habari za usonji kwa Kiswahili karibu zote ni za watoto, dalili kwa watoto, shule kwa watoto, halafu kimya, kama vile mtu akishavuka miaka 18 usonji unaisha. Hauishi. Haya maswali naulizwa kliniki, naulizwa sokoni, naulizwa na mashemeji msibani, na wengi wanaouliza wana mtu wao nyumbani ila wanaona aibu kusema, kwa hiyo nimeyaweka pamoja na kuyajibu ninavyojua. Sio daktari mimi, ni ndugu ambaye nimesoma sana kwa sababu ilibidi.

Usonji ni nini hasa, kwa maneno ya kawaida?

Ni jinsi ubongo wa mtu ulivyojijenga tangu mwanzo, na inagusa namna anavyowasiliana na watu, namna anavyopokea sauti, mwanga, harufu na kuguswa, na jinsi anavyotaka mambo yaende kwa mpangilio uleule. Sio kichaa, hauambukizi, na sio mtindio wa ubongo ingawa mtu anaweza akawa na vyote viwili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 alikuwa na usonji, kwa hiyo shule yenye watoto elfu moja ikikwambia haina hata mmoja jua wapo ila wanaitwa wakorofi, au wapo nyumbani wamefungiwa ndani.

Na wanatofautiana mno. Kuna Temple Grandin wa Marekani ambaye alichelewa sana kuanza kuongea na leo ni profesa wa sayansi ya wanyama, na kuna mtu mwingine mwenye usonji huohuo atasaidiwa kuoga maisha yake yote. Ukimjua mmoja usidhani umewajua wote.

Mtu ambaye hata haongei utajuaje kama ana maisha mazuri?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Sisi watu wa nje tumezoea kupima kwa macho yetu, ametulia, anafanana na wenzake, haleti aibu kwenye harusi, basi tunasema anaendelea vizuri. Shirika la Afya Duniani lenyewe linapoelezea ubora wa maisha linasema ni jinsi mtu mwenyewe anavyoyaona maisha yake, sio jinsi jirani anavyoyaona. Watafiti wa Newcastle kule Uingereza walilichukua dodoso la Shirika la Afya la kupima ubora wa maisha wakakaa na watu wazima wenye usonji wakaongeza maswali 9 ambayo yalikuwa hayamo, mambo kama je unaweza kuwa wewe mwenyewe mbele za watu, je kelele na mwanga vinakuzuia kufanya unachotaka, je ukiumwa unaweza kupata huduma bila vikwazo. Angalia, hakuna swali linalouliza je unafanana na wengine.

Kwa asiyeongea unasoma mwili. Mdogo wangu akiwa na raha ana mlio mmoja wa chini anautoa puani, kama mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo, na anaweza kuutoa asubuhi nzima. Mambo yakianza kuharibika ule mlio unapanda, unakuwa mwembamba, na vidole vinaanza kubana pindo la shati. Ukishaujua huo mpangilio hauhitaji kusubiri alipuke. Angalia pia usingizi, hamu ya kula, kama anasogea kwenye vitu mwenyewe bila kusukumwa, kama anacheka. Andika kwenye daftari hata mistari miwili kwa siku, baada ya muda utaona kitu gani kinampa raha na kipi kinamtesa, na hicho ndicho kipimo chake.

Atapona lini?

Usonji hauna dawa na hauponi, ila maisha yanaweza kuwa mazuri sana bila kupona, na jinsi familia inavyowahi kulikubali hili ndivyo hela na nguvu zinavyoenda panapofaa. Kuna dawa kama risperidone ambayo Marekani waliiruhusu mwaka 2006 kwa watoto wenye usonji, lakini ni kwa ajili ya hasira kali na kujiumiza, sio kwa ajili ya usonji wenyewe, na inaweza kumnenepesha mtu haraka na kumfanya asinzie, kwa hiyo daktari akiiandika muulize ni kwa tatizo gani, kwa muda gani, na atampima uzito lini.

Kuombea ombeni, sisi nyumbani tunaomba. Lakini kumfungisha mtu mfungo ambao hauelewi, kumfunga kamba, kumchapa ili pepo litoke, kumnywesha vitu ambavyo hamjui vimechanganywa na nini, hapo ni kumuumiza mtu ambaye hawezi hata kusema anaumia. Kuna wanaouza mtandaoni maji ya klorini wanadai yanasafisha usonji, ile ni dawa ya kung'arishia nguo jamani, inaunguza koo na utumbo. Usinunue, usimpe.

Ni chanjo iliyoleta? Au ni mama alikosea kitu wakati wa mimba?

Hapana, sio chanjo. Huo uvumi ulishika kasi mwaka 1998 baada ya daktari Mwingereza anaitwa Andrew Wakefield kuandika kuhusu watoto 12 tu akihusisha chanjo ya surua na usonji, na mwaka 2010 Lancet, jarida la kitabibu lililoichapisha, likaifuta ile makala na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Denmark mwaka 2019 walichapisha utafiti wa watoto zaidi ya 650,000, waliochanjwa surua na wasiochanjwa, usonji haukuongezeka kwa waliochanjwa. Surua inaua, chanja mtoto.

Kuhusu mama, hata Ulaya na Marekani kuna kipindi kirefu walikuwa wanawalaumu akina mama kwamba hawana upendo ndio maana mtoto yuko hivyo, wakaja kuachana na hayo kwa sababu hayakuwa na ukweli. Kinachojulikana ni kwamba vinasaba vina mchango mkubwa. Kwa hiyo wifi anayesema mkwe kaleta laana kwenye ukoo aambiwe anyamaze.

Ghafla ameanza kujipiga na kupiga kelele, hiyo si ndo tabia ya usonji?

Hapa naomba usome taratibu. Mtu aliyekuwa sawa wiki iliyopita na leo anajipiga, swali la kwanza ni anaumwa wapi.

Mdogo wangu alianza kujipiga shavu la kushoto, kwa ngumi, hasa usiku na wakati wa kula, akaacha chai ambayo ndio kitu anachokipenda kuliko vyote. Hospitali moja tuliyoenda mtu wa mapokezi alituambia hao ndo walivyo, tukapewa dawa ya usingizi tukarudi. Mama hakukubali, akasema huyu mbona anapiga sehemu moja tu, akamkalisha nje mchana kwenye jua akamfungua mdomo huku anamwimbia, tukaona gego la chini limeoza hadi kwenye fizi. Likang'olewa, ngumi zikaisha. Fikiria angekuwa anapewa vidonge vya usingizi mpaka leo na jino linaoza mdomoni.

Kwa hiyo kabla hujasema ni tabia angalia meno, masikio, koo, angalia kama amepata choo maana wengi wanachagua sana vyakula na wanafunga choo siku kadhaa, angalia mkojo kama unawasha, kwa wasichana angalia hedhi. Angalia kama kuna dawa mpya. Angalia pia kama kuna mtu mpya nyumbani ambaye anamwogopa, hilo watu hawapendi kuliwaza lakini liwaze.

Kifafa nacho kinawapata watu wenye usonji kuliko watu wengine, na kinaweza kuanza ukubwani, kwa hiyo ukiona anaduwaa macho yamekaza haitiki, au anadondoka, mpeleke. Kuna utafiti wa Sweden wa mwaka 2016 uliangalia vifo, ukakuta kwa wastani watu wenye usonji walikuwa wamekufa wakiwa na miaka 54 hivi wakati wengine ni 70, na wale ambao wana usonji pamoja na ulemavu wa akili walikuwa hawajafika hata 40, na kwenye kundi hilo kifafa kilikuwa sababu kubwa, na wale wasio na ulemavu wa akili kujiua kulikuwa juu. Hiyo ni Sweden yenye hospitali zote zile. Sasa sisi tunaomwambia mama wa watu kwamba hao ndo walivyo tunafanya nini?

Siku ya kwenda hospitali omba namba ya mwanzo au ya mwisho, beba kitu anachokishika, mweleze daktari kwa sentensi fupi mgonjwa anaonyeshaje maumivu, na kama kuna uwezekano nenda siku moja kabla mkakae tu pale nje aone jengo na harufu yake, mrudi.

Mbona anaziba masikio, anavua nguo, hataki kunyolewa?

Kwa sababu anasikia na kuhisi vitu kwa kiwango ambacho mimi na wewe hatukisikii. Sauti ya blenda, honi ya daladala, spika ya kigodoro mtaa wa tatu, taa ya tyubu inayotetemeka, lebo ya shati mgongoni, kwake vyote vinaingia kwa mpigo na haviwezi kupunguzwa. Wengine ni kinyume, hawahisi vya kutosha, hao ndo wanaotafuta kubanwa, kuruka, kuzunguka, kujitikisa. Kujitikisa na kupepea mikono kwenyewe hakuna ubaya, ni njia ya kujituliza, usimkataze kwa sababu ya wageni. Kataza kinachoumiza tu.

Dar ni jiji la kelele na hatuwezi kulizima, lakini kuna vitu vidogo vinabadilisha siku nzima. Vile vifuniko vya masikio wanavyovaa mafundi wa kukata vyuma, vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ni vya bei rahisi kuliko hedifoni za kisasa na vinafanya kazi. Kata lebo zote na ufue nguo mpya mara kadhaa kabla hajaivaa. Safiri saa ambazo daladala hazijajaa, na mwache akae dirishani. Kunyoa, tuliacha mashine kabisa, kinyozi mmoja hapa mtaani anakuja kumkata kwa mkasi jioni nje ya nyumba, siku zote ni yeye yuleyule, siku zote kiti kilekile, na anamwambia kabla ya kila hatua, sasa nagusa sikio, sasa nakuja nyuma. Zamani ilikuwa ni vita ya watu watatu.

Na chakula usimlazimishe. Kama anakula ugali ila hali maharage kwa sababu yale maganda yanamkera mdomoni, mpe protini kwa njia nyingine, leta kitu kipya kidogokidogo pembeni ya sahani bila kumwambia kula.

Nikimpa picha za kuonyesha si ndo ataacha kabisa kujifunza kuongea?

Hapana, na hii hofu imewanyima watu wengi sauti. Picha haziui kuongea, wengine zinawasaidia hata kuanza, na kwa asiyeongea kabisa ndo mdomo wake. Mfumo mmoja maarufu wa kubadilishana picha ulianzishwa mwaka 1985 Delaware, Marekani, lakini huhitaji vitu vya kununua nje. Piga picha kikombe chake mwenyewe, kitanda chake, choo cha kwenu, kandambili zake, nenda steshenari wakuchapie na kuzilamineti, toboa, funga kwenye kamba. Picha ya choo cha Ulaya kwa mtu ambaye anatumia choo cha kuchuchumaa haitamwambia kitu.

Watu wengi wanaishia kufundisha chakula, maji na choo. Ongeza SITAKI, INATOSHA, NAUMWA, NATAKA KUONDOKA. Mtu asiyeweza kukataa hawezi kujilinda. Na akionyesha sitaki heshimu pale inapowezekana, la sivyo atajifunza kwamba ile kadi ni uongo na atarudi kwenye kung'ata.

Shule gani inafaa?

Kwa Dar kuna shule za serikali zenye vitengo, Msimbazi Mseto kule Ilala inajulikana sana kwa kitengo cha usonji, na Nairobi wana City Primary. Walimu wa elimu maalumu wengi wanapita chuo cha Patandi, Arusha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma kama wengine, kwa hiyo mwalimu mkuu akikwambia hatuchukui hawa nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri.

Ila jina la shule sio kila kitu. Nenda bila taarifa, simama nje ya darasa usikilize. Uliza anayekwenda kumsaidia chooni ni nani. Uliza mtoto akizidiwa anapelekwa wapi, wakikujibu tunamchapa kidogo anatulia, mchukue mwanao.

Nina binti, naambiwa usonji ni wa wavulana

Wavulana wanaogundulika ni mara tatu hadi nne ya wasichana, lakini sehemu ya sababu ni kwamba wasichana wanapitwa. Wengi wanajifunza kuigiza, wanamwangalia rafiki mmoja wanamfuata kila anachofanya, shuleni wanaonekana wapole halafu wakifika nyumbani wanalia hadi usiku. Kuigiza huko kunachosha sana na ukubwani kunaleta wasiwasi na sonona.

Kwa binti anayehitaji msaada mkubwa anza mambo ya hedhi mapema, kabla haijaja. Mvalishe pedi siku za kawaida azoee ile hali ya kuwa na kitu pale, weka pedi sehemu moja, onyesha hatua kwa picha. Damu ya ghafla kwa mtu ambaye hajaandaliwa ni hofu kubwa sana. Na mfundishe sehemu zake za siri, nani anaruhusiwa kumsaidia na nani hapana, na wewe punguza idadi ya watu wanaomwogesha. Wanaobaka wanamtafuta asiyeweza kusema. Ikitokea, polisi dawati la jinsia na watoto, na hospitali siku hiyohiyo kabla hajaoga, msimalizane kifamilia.

Ni kweli hawana hisia na hawapendi watu?

Sio kweli. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba tatizo la kuelewana lina pande mbili, sisi nasi hatuwaelewi, ila lawama tumewapa wao peke yao. Baadaye, 2020, watafiti Uingereza walifanya kama ule mchezo wa kupeana habari mtu kwa mtu, kundi la watu wenye usonji peke yao, kundi la wasio na usonji peke yao, na kundi mchanganyiko. Wenye usonji peke yao waliifikisha habari vizuri sawa na wale wengine, ilipoharibika ni kwenye mchanganyiko.

Bibi yetu alipofariki mdogo wangu hakulia, watu wakasema hajui kitu. Kumbe kila asubuhi alikuwa anaenda kukunja ile khanga ya bibi, anaikunja, anaikunjua, anaikunja upya, na hakumruhusu mtu kuivaa. Anajua.

Anaweza kufanya kazi?

Wengi wanaweza, tatizo kubwa ni watu waliomzunguka kuliko yeye. Nipende kuwaeleza habari ya Donald Triplett. Daktari Leo Kanner alipoandika kuhusu usonji mwaka 1943 alieleza watoto 11, na mtoto wa kwanza kwenye orodha ndo huyo Donald, wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Akiwa na miaka mitatu wazazi waliambiwa wamwache kwenye taasisi, wakamwacha, halafu wakamrudisha nyumbani. Alisoma hadi chuo akamaliza 1958, akafanya kazi benki kwa miaka zaidi ya 60, alicheza gofu, aliendesha gari, alisafiri nchi za watu peke yake, akafariki Juni 2023 akiwa na miaka 89. Sasa usije ukadhani usonji wake uliondoka, hapana, alibaki na tabia zake za kuhesabu na kuwapa watu namba badala ya majina. Familia yao ilikuwa na uwezo na benki ilikuwa ya ukoo wa mama yake, hilo lazima lisemwe, sio kila mtu ana benki ya babu. Lakini kilichonigusa ni ule mji, watu wa pale walimzoea toka mdogo, walimchukulia ni wao, na mtu mgeni akimsumbua walikuwa wanamkingia kifua.

Kwetu ni genge. Mdogo wangu anapanga mafungu ya nyanya. Anachukua moja moja, anaigeuza, zenye alama anaweka kwenye beseni la bluu, nzuri anazipanga nne chini moja juu, na fungu la kwanza na la ishirini yanalingana utadhani amepima kwenye mizani. Wateja wanajua hapa hakuna kubinya nyanya wala kuvuruga mafungu, mama anawaambia ukitaka nyongeza niombe mimi, fungu lake usiliguse. Analipwa kila Jumamosi, hela yake anaishika mkononi, anaenda kununua soda ya aina moja na betri za redio. Kumlipa ni muhimu jamani. Wengi wanafanyishwa kazi za ndani miaka na miaka bila hata mia, eti atafanyia nini hela.

Kisheria, mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 anatakiwa asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu, na ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, haina riba. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata masharti ya sasa. Kwa anayeajiriwa mahali, vinavyosaidia havina gharama, kazi iandikwe au ichorwe, aambiwe mapema kama kuna mabadiliko, akae sehemu isiyo na kelele, na anayemwelekeza awe mmoja.

Anaweza kuoa au kuolewa?

Wapo walio kwenye ndoa na wana watoto, tena wengi hawakujua wana usonji mpaka mtoto wao alipogundulika. Cha muhimu ni ridhaa, aelewe anachokubali. Kumwozesha mtu asiyeelewa ili apate wa kumtunza au ili apone, hiyo sio ndoa.

Anatoroka sana nyumbani, tufanyeje?

Maji kwanza. Wengi wanavutwa na maji, kwa hiyo funika kisima na pipa, na akipotea anza kutafuta kwenye mto, bwawa, ufukwe, halafu barabarani. Mfundishe kuogelea ikiwezekana. Namba ya simu mshonee ndani ya nguo kwa kitambaa laini, au bangili kama anaivumilia. Wajulishe mwenyekiti wa mtaa, wa duka la kona, na vijana wa bodaboda wa kijiweni, waambie anapenda nini na anaogopa nini, maana mtu akimkimbilia anapiga kelele mwizi yanaweza kutokea mabaya. Kijiwe chetu wameshamrudisha mdogo wangu zaidi ya mara moja akiwa amepanda nyuma ametulia.

Mimi ninayemlea nimechoka, nasikia hatia hata kusema

Sema. Kuchoka sio kutompenda. Akina mama wengi wamebaki peke yao, baba kaondoka, ndugu wamepunguza kuja, kazi imebidi aache. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, vikao 9 vya kikundi na kutembelewa nyumbani mara 3, na toka 2022 yapo pia mtandaoni bure, yanafundisha vitu vya kawaida kabisa vya mchezo na mazungumzo ya nyumbani. Muulize mtaalamu wa tiba kazi hospitali ya mkoa au Muhimbili kama kuna kikundi cha wazazi, na kama hakuna tafuta mzazi mmoja tu pale kwenye benchi la kusubiria, chukua namba yake. Ndugu wanaosema tuambie tukusaidie nini waambie jambo maalumu, njoo Jumapili saa nane mpaka saa kumi ukae naye mimi nilale.

Na watoto wengine ndani ya nyumba msituweke pembeni. Tuelezeni mapema, na msitufanye walezi tukiwa na miaka kumi.

Nikifa mimi nani atamtunza?

Kila mzazi niliyekaa naye anafika kwenye hili swali, na wengi wanalizungumza kwa kunong'ona halafu wanaliacha. Lizungumzeni mkiwa wazima. Kaeni kikao cha familia, sio na dada mmoja tu kwa sababu ni mwanamke, kila mtu aseme anaweza nini, mmoja makazi, mwingine hela ya kila mwezi, mwingine hospitali. Mwenyewe awepo kikaoni hata kama haongei, na kama kuna nyumba mbili za kuchagua mpelekeni akalale zote mbili mara nyingi muone anatulia wapi.

Andikeni daftari lake. Sisi la kwetu lina kurasa za dawa na saa zake, anaonyeshaje maumivu, picha zake zote na maana yake, kinyozi ni nani, anakula nini na anakitaka kimekaaje kwenye sahani, usingizi ukikataa anatulizwa vipi, kijiwe gani wanamjua. Mtu mgeni akilisoma jioni aweze kumtunza kesho yake. Nakala moja iko kwa mama mdogo Tanga. Wosia uandikwe na uwe na mashahidi, sehemu yake itajwe wazi na atajwe wa kuisimamia pamoja na mtu wa pili wa kumkagua huyo msimamizi, kwa sababu mirathi nyingi nilizoziona yule asiyeweza kujitetea ndo anaachiwa chumba cha uani na hela ya kodi inaliwa na wengine. Ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya ijue kwamba mtu huyu yupo, anaishi hapa, na walezi wake ni fulani na fulani, nendeni mkajitambulishe kabla hamjawahitaji. Na muanze kumwachia sasa hivi, siku mbili kwa mjomba, wiki kwa shangazi, ili siku mama asipokuwepo asipoteze mama, nyumba, kitanda na chai yake vyote kwa siku moja.